Chembe nano, kunyamazisha jeni na seli shina za uloto: maswali ya wazazi wa watoto wenye selimundu

Mimi ni mtu wa maabara. Siku za kliniki ya selimundu hukaa kwenye meza ya kuchukulia damu, na mzazi akishamtuliza mtoto, swali hufuata. Zamani waliuliza kuhusu lishe na baridi. Tangu chanjo za Korona zije na habari za tiba ya jeni kutangazwa redioni, maswali yamebadilika. Haya hapa ni yale yanayorudi kila mara, na majibu ninayoyatoa pale mezani, safari hii nikiwa na nafasi ya kuyamaliza.

Kunyamazisha jeni maana yake nini?

Ndani ya kiini cha seli kuna DNA, na ndani ya DNA kuna jeni, yaani maagizo ya kutengeneza protini. DNA yenyewe haitoki humo. Seli hunakili agizo linalotakiwa, na nakala hiyo, iitwayo RNA mjumbe, ndiyo inayotoka kwenda mahali protini zinapotengenezwa. Kunyamazisha jeni ni kumvizia mjumbe njiani na kumchania karatasi yake. Faili liko ofisini vilevile, hakuna aliyeligusa, ila agizo halikufika na protini haitengenezwi.

Anayevizia ni RNA fupi sana inayoitwa siRNA, nyuzi mbili zilizolaliana, kila uzi una herufi 21 hadi 23 hivi. Ikishaingia ndani ya seli, uzi mmoja hutupwa na wa pili hushikwa na protini iitwayo Argonauti. Protini hiyo huzunguka na uzi wake ikitafuta mjumbe mwenye herufi zinazolingana nao. Ikimpata, inamkata, kisha inakwenda kumtafuta mwingine. Kwa sababu hiyo dawa kidogo tu hufanya kazi kubwa.

Waliolieleza jambo hili ni Andrew Fire na Craig Mello, Wamarekani wawili waliokuwa wakichunguza mnyoo mdogo wa udongoni. Walichapisha mwaka 1998, wakapewa Tuzo ya Nobel mwaka 2006. Mwaka 2001 Thomas Tuschl na wenzake, wakiwa Ujerumani, walionyesha kwamba siRNA hufanya kazi hata kwenye seli za binadamu.

Sasa chembe nano za nini? Si mumchome tu mtoto sindano ya hiyo siRNA?

Haitafika. Damu imejaa vimeng'enya vinavyokatakata RNA, na kile kitakachobaki figo zitakichuja kiende na mkojo. Hata ingefika kwenye seli, isingeingia: RNA ina chaji hasi, ngozi ya seli nayo ina chaji hasi, na vitu hivyo husukumana. Lazima ifungwe ndani ya kitu.

Kitu kinachotumika zaidi ni kitone kidogo mno cha mafuta, ndiyo chembe nano yenyewe, chenye viungo vinne: lipidi (yaani mafuta) maalumu inayobadilika chaji, lipidi ya kawaida kama zile za ngozi ya seli, kolesteroli, na lipidi yenye mkia wa kemikali iitwayo PEG inayozuia vitone visigandane. Chanjo za Korona za Pfizer na Moderna zilifungwa hivyohivyo. Ulichanjwa mojawapo? Basi chembe nano zimeshaingia mwilini mwako.

Utengenezaji wake una uzuri wake. Bomba moja la sindano lina lipidi zilizoyeyushwa kwenye spiriti, la pili lina RNA kwenye maji yenye asidi kidogo. Mashine inayasukuma yote mawili kwa pamoja kwenye vijia vyembamba kama uzi, na pale yanapokutana lipidi zinajikunja zenyewe kuizunguka RNA. Viliingia vimiminika viwili safi kama maji, vya kuona upande wa pili. Kinachotoka kina utusitusi, kama maji uliyoyadondoshea tone la maziwa, na ukikiinua kwenye taa unaona rangi ya buluu kwa mbali. Ubuluu ule ni mwanga unaotawanywa na chembe ambazo macho hayazioni. Baada ya hapo spiriti huondolewa, asidi inasawazishwa, na chembe ziko tayari.

Kazi haijaisha. Seli ikimeza chembe, huiweka kwanza kwenye kifuko, na kifuko kile kinaelekea jalalani. Ndani yake asidi inaongezeka taratibu, na hapo ile lipidi maalumu inageuka kuwa na chaji chanya, inashikana na ukuta wa kifuko na kuupasua. RNA inamwagika ndani ya seli. Katika vipimo vilivyofanywa kwa wanyama, siRNA iliyofaulu kutoka kwenye kifuko ilikuwa asilimia 1 hadi 2 tu ya ile iliyomezwa. Nawaambia wazazi takwimu hii kwa sababu ndiyo inayoeleza kwa nini watu wenye akili nyingi na fedha nyingi wamelihangaikia jambo hili miaka zaidi ya 20.

Ni ndogo kiasi gani?

Nyingi zina upana wa nanomita 100 hivi, na nanomita moja ni milimita iliyogawanywa mara milioni. Seli nyekundu moja ya damu ina upana wa nanomita 7,000 hadi 8,000, kwa hiyo chembe kama 70 zinaweza kupangwa mstari mmoja juu yake.

Kuna mgonjwa aliyekwisha kutibiwa hivyo, au ni maneno ya panya tu?

Wapo. Agosti 2018 Marekani iliidhinisha patisiran, dawa ya kwanza ya siRNA duniani, ikiwa ndani ya chembe nano za lipidi. Inatibu ugonjwa wa kurithi ambamo protini iitwayo transthairetini, inayotengenezwa kwenye ini, hurundikana kwenye mishipa ya fahamu na moyo. Mgonjwa anatundikiwa dripu kila baada ya wiki 3. Kabla ya dripu anapewa steroidi, paracetamol na dawa za mzio ili mwili usiipokee kwa ghadhabu.

Ila kumbuka, hiyo ni dawa ya ini.

Mbona kila kitu kinaishia kwenye ini?

Kwa sababu chembe ikiingia kwenye damu inavikwa protini za mwili, hasa moja iitwayo ApoE, ambayo kazi yake ya kila siku ni kusafirisha mafuta. Seli za ini zina mlango wa kupokea mizigo ya mafuta yenye ApoE. Zinaiona chembe nano, zinadhani ni mzigo wao, zinaimeza. Tena mishipa midogo ya ini ina matundu yanayoruhusu vitu vya ukubwa huo kupita. Anayetaka ini ana bahati. Anayetaka kwingine kokote ana kazi.

Seli shina ndizo zipi, na kwa nini mnazitaka hizo?

Ukivunja mfupa wa ng'ombe kwenye supu unakuta uloto. Sisi nasi tunao, na ndani yake zimo seli shina za damu. Ni chache mno, zimefichama, na muda mwingi zimelala. Zikiamka zinagawanyika: nyingine hubaki kuwa seli shina, nyingine huwa mwanzo wa seli nyekundu, nyeupe na chembe sahani zinazogandisha damu. Mwili wa mtu mzima hutengeneza seli nyekundu kama milioni 2 kila sekunde, na zote asili yake ni hizo chache.

Mtoto mwenye selimundu ana kosa la herufi moja kwenye jeni ya himoglobini, protini inayobeba oksijeni ndani ya seli nyekundu, na kosa hilo huifanya seli ijikunje kama mundu. Seli nyekundu yenye kosa hilo huishi siku 10 hadi 20 badala ya 120. Ukiitibu seli nyekundu, utarudia baada ya wiki mbili. Ukiitibu seli shina, umetibu chemchemi.

Ugumu wa kuzifikia uko wapi?

Kwanza, ini linanyakua karibu kila kitu. Pili, seli shina ni chache katikati ya umati wa seli nyingine za uloto, kama kumtafuta mtu mmoja Kariakoo siku ya mkesha wa Idi bila namba yake ya simu. Tatu, seli iliyolala haimezi sana vitu kutoka nje.

Dawa ya ugumu wa pili ni kuipa chembe anwani. Seli shina zina alama kwenye ngozi zake, mojawapo huitwa CD117. Ukibandika juu ya chembe kingamwili inayoishika CD117, chembe inapopita kwenye uloto itanasa pale inapotakiwa.

Kuna aliyefanikiwa?

Kuna kazi mbili ambazo naziona ni nguzo.

Mwaka 2020 watafiti wa chuo cha teknolojia cha MIT, Marekani, na Hospitali Kuu ya Massachusetts huko Boston walitengeneza chembe nano zinazopeleka siRNA kwenye uloto wa panya. Hawakuilenga seli shina yenyewe, walilenga seli za mishipa inayoizunguka, yaani majirani wanaoipa amri ya kukaa au kuondoka. Walinyamazisha jeni mbili za majirani hao, na kwa kuchagua jeni ipi inyamaze waliweza kuongeza au kupunguza seli zinazotoka kwenye uloto kuingia kwenye damu. Panya waliopata shambulio la moyo walipona vizuri zaidi baada ya kutibiwa hivyo. Napenda sana wazo lile, kwa sababu wengi wetu tulikuwa tunagonga mlango wa seli shina, wao wakaenda kuzungumza na jirani.

Mwaka 2023 kundi la Philadelphia, akiwemo Drew Weissman aliyepata Nobel mwaka huohuo kwa kazi ya RNA mjumbe, lilichapisha kuhusu chembe zenye anwani ya CD117. Walichoma panya kwenye mshipa, chembe zikafika kwenye seli shina ndani ya uloto. Mzigo wao haukuwa siRNA, ulikuwa RNA mjumbe, lakini gari ni lilelile. Pia walizitumia chembe hizo kwenye seli za wagonjwa wa selimundu maabara, wakarekebisha jeni, na seli nyekundu zilizotokana nazo hazikujikunja kama awali.

Nje ya damu kuna kazi nyingine nyingi. Kwa mfano, mwaka 2013 Chuo Kikuu cha Rutgers, New Jersey, kilitandaza chembe nano za silika (madini yaliyomo kwenye mchanga) zilizobeba siRNA, kikapanda juu yake seli shina za neva. Seli zikazichukua zenyewe kutoka chini, jeni iitwayo SOX9 ikanyamaza, na nyingi zaidi zikageuka neva.

Jeni gani inanyamazishwa kwa mtoto wa selimundu? Ile yenye kosa?

Wengi wanadhani hivyo, na mimi nilidhani hivyo. Lakini ukiinyamazisha himoglobini yenye kosa bila kuleta nyingine, umemwachia mtoto damu pungufu.

Njia yenyewe ni ya kuzunguka. Mtoto akiwa tumboni hutumia himoglobini ya kichanga, tofauti na ya mtu mzima, na hiyo haina kosa la selimundu. Mwaka 1948 daktari wa watoto Janet Watson wa Brooklyn aligundua kwamba damu ya vichanga wenye ugonjwa huu haijikunji sana, akasema himoglobini ya kichanga ndiyo inayowakinga. Mama wa mtoto mwenye selimundu analijua hili bila kitabu: miezi ya mwanzo mtoto alikuwa mzima, kisha karibu na miezi 6 vidole vikavimba, kilio kikaanza. Wako watu, kwa mfano wengi wa mashariki mwa Saudi Arabia, ambao kwa asili wanabaki na himoglobini ya kichanga kwa wingi ukubwani, na ugonjwa kwao huwa mwepesi.

Swali lilikuwa: nani anaizima? Mwaka 2008 Vijay Sankaran, Stuart Orkin na wenzao huko Boston walionyesha kwamba jeni BCL11A ndiyo inayoizima. Walipoinyamazisha BCL11A kwenye seli za damu za watu wazima, himoglobini ya kichanga ikarudi. Yaani anayenyamazishwa hapa ni mnyamazishaji.

Januari 2021 yakatoka matokeo ya wagonjwa 6 wa selimundu waliotibiwa hivyo Boston. Seli shina zao zilitolewa, zikawekewa kwa kutumia virusi vilivyopunguzwa makali jeni ya kutengeneza RNA ya kunyamazisha BCL11A, zikarudishwa mwilini. Himoglobini ya kichanga ikapanda kwa wote. Tiba iitwayo Casgevy, iliyoidhinishwa Uingereza na Marekani mwishoni mwa 2023, inaigusa jeni hiyohiyo, ila yenyewe inakata DNA kwa CRISPR, mkasi wa kimaabara wa jeni.

Kumbe tiba ipo! Chembe nano za nini tena?

Kwa sababu ya yale ambayo mgonjwa hupitia katikati. Ili seli shina zilizotibiwa zipate pa kukaa, zile za zamani huondolewa kwanza kwa dawa kali iitwayo busulfan. Nywele zinatoka, mdomo unajaa vidonda, kinga inashuka hadi karibu na sifuri, mgonjwa anakaa wiki kadhaa kwenye chumba cha peke yake, na uwezo wa kuzaa unaweza kupotea. Casgevy ilitangazwa kwa bei ya dola milioni 2.2 kwa mgonjwa mmoja, na bei hiyo haijahesabu hospitali.

Tanzania peke yake inakadiriwa kuzaa watoto kama 11,000 wenye selimundu kila mwaka. Vyumba vile tutajenga vingapi? Chembe nano inayobeba mzigo wake hadi kwenye uloto kwa dripu, bila kutoa seli nje na bila busulfan, ndiyo tiba pekee ya jeni ninayoweza kuiona ikifika hospitali ya mkoa.

Kwa hiyo dripu moja ya siRNA itamponya mwanangu?

Hapana, baba, na hapa naomba tuelewane vizuri. siRNA haidumu. Kwenye seli za ini, ambazo hazigawanyiki mara kwa mara, inakaa wiki kadhaa. Kwenye damu, kutoka seli shina hadi seli nyekundu kuna migawanyiko mingi, na kila mgawanyiko unaipunguza siRNA, kama chai inayoongezwa maji kila anapofika mgeni. Ikifika mwisho, pale BCL11A inapotakiwa inyamaze, hakuna kilichobaki cha maana.

Tena BCL11A ina kazi nyingine za halali. Seli shina zenyewe zinaihitaji ili zibaki na nguvu, na seli nyeupe aina ya B zinaihitaji ili ziundwe. Ndiyo maana wale wa Boston waliowatibu wagonjwa 6 waliweka swichi inayowashwa kwenye ukoo wa seli nyekundu tu.

Maoni yangu: kwa selimundu, chembe nano zitakazofika kwa mgonjwa zitabeba RNA ya kurekebisha jeni mara moja tu bila kurudia, na siRNA itakuwa msaidizi wa kuandaa uloto na kuzihamisha seli, kama ile kazi ya 2020. Kwa matatizo ambayo yanataka kuzima kitu kwa muda tu, siRNA ni bora zaidi kuliko kukata DNA, kwa sababu ikileta shida unaacha kuitoa na athari yake inaisha yenyewe.

Ina madhara?

Ndiyo. Homa, baridi na kushuka kwa presha wakati wa dripu. Ini kulemewa, kwa kuwa sehemu kubwa ya dozi huishia huko. Kingamwili dhidi ya PEG, zinazoweza kuifanya dozi ya pili ikataliwe. Na siRNA kumkata mjumbe asiyehusika kwa sababu herufi zao zinafanana.

Itarithiwa na wajukuu?

siRNA haigusi DNA, kwa hiyo hairithiwi.

Muhimbili ipo? Kenyatta? Mulago?

Hapana. Kwa selimundu, tiba ya chembe nano haipo hospitali yoyote duniani kama dawa iliyoidhinishwa. Anayekwambia anayo, anakuuzia kitu kingine.

Mama mmoja aliwahi kunionyesha kwenye simu tangazo la unga wa kunywa, pakiti zimeandikwa "seli shina". Alikuwa ameuza cherehani yake kununua pakiti mbili, na kwa mwezi mzima alisimamisha haidroksiurea, dawa ya mtoto ya selimundu, kwa kuwa muuzaji alimwambia zitagongana. Mtoto alikuja na himoglobini ya 4, yaani damu pungufu sana. Seli ikipita tumboni inameng'enywa kama nyama yoyote. Niliumia sana siku ile, na sikumlaumu mama hata kidogo. Aliambiwa uongo uliovaa maneno ya kweli.

Tufanye nini wakati tunasubiri?

Haidroksiurea. Nayo inapandisha himoglobini ya kichanga, kwa njia nyingine, na ni kidonge. Utafiti uitwao REACH uliwafuatilia watoto 606 wa Kilifi, Mbale, Kinshasa na Luanda: maumivu yalipungua, kuongezewa damu kulipungua, malaria ilipungua, vifo vilipungua. Wengi walihofia kwamba dawa hii ingewadhoofisha watoto wa kwetu mbele ya malaria, na matokeo yalikuwa kinyume. Usiiache bila kuongea na daktari, na usikose siku za kupima damu, kwa sababu dozi inapangwa kwa vipimo hivyo. Penisilini kwa walio chini ya miaka 5, chanjo zote, chandarua, maji ya kunywa mengi.

Kama kuna ndugu wa baba mmoja mama mmoja ambaye tishu zake zinalingana na za mtoto, uliza kuhusu kupandikizwa uloto. Hospitali ya Benjamin Mkapa, Dodoma, imeshawapandikiza watoto wenye selimundu.

Hizo dawa zinataka friji kali kama chanjo ya Pfizer?

Inategemea mzigo. RNA mjumbe ni ndefu na inaharibika upesi, ndiyo maana chanjo ile ilihifadhiwa kwenye nyuzi 70 chini ya sifuri. siRNA ni fupi na hukarabatiwa kikemia ili idumu. Patisiran inakaa kwenye nyuzi 2 hadi 8, friji ileile ya chanjo za watoto.

Mwanangu anauliza kama anaweza kuiona chembe nano kwenye darubini yenu.

Hawezi, mama. Darubini ya mwanga haitenganishi vitu vilivyo chini ya nanomita 200 hivi. Lakini mlete tukishamaliza foleni. Nitampandisha kwenye stuli nimwekee slaidi ya damu yake mwenyewe. Ataona seli duara, na katikati yake zile nyembamba zilizopinda kama mwezi mwandamo. Akitaka, tutazihesabu pamoja, na slaidi ya mwaka jana, kabla hajaanza haidroksiurea, ninayo bado kabatini.